Mashine Isiyoruhusiwa Kuzimwa

1.

TANGAZO KWA WOTE WAINGIAO SEBULENI

Kuanzia leo ni marufuku kuzima, kuchomoa, kusogeza au kuegemea boksi jeusi lililo kando ya kabati la vyombo. Anayetaka kuchaji simu akachaji chumbani kwake. Anayetaka kupiga pasi na avae nguo zenye mikunjo, kwa unyenyekevu.

Limetolewa na Ofisi ya Mitambo, Nyumba ya Mama Amba, Tukuyu.

(Ofisi ina mtumishi mmoja. Anaitwa Bupe, amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Mhuri ameuchonga kwenye kiazi.)

2.

Msomaji, sogea ndani, mvua ya huku haina adabu.

Boksi lile ni seva, kompyuta moja inayofanya kazi za kompyuta nyingi. Aliileta Ambakisye, kaka yake Bupe, akiwa ameinunua mtumba na kuibeba kama mtu aliyebeba mgonjwa. Ndani ya chuma hicho kimoja, kwa programu ya kampuni fulani, akatengeneza mashine tatu zisizoshikika kwa mkono. Fikiria bweni lililogawanywa kwa mapazia: kila mmoja ana kitanda chake na anajidanganya kwamba ana chumba.

Pazia la kwanza ni la duka la dawa la Tumpe. Humo mna dawa zote, zilizopo na zilizoisha.

La pili ni la gesti ya Mzee Mwasomola. Usiulize mna majina ya nani.

La tatu ni la Amba mwenyewe, na amelifunga kwa neno la siri analolijua yeye tu. Kazi yake ni moja. Kila jioni, taarifa ya habari ikiisha, linatuma ujumbe kwenye simu ya mama:

*Mashine zote salama. Mlale salama. Amba.*

Amba yuko Doha, anahudumia seva za wenye nazo kwenye majengo yenye baridi. Mwanzoni alipiga kila Jumapili. Baadaye kila mwezi. Baadaye

3.

*Mteja wetu mpendwa,*

*Tunayo furaha kukujulisha kwamba kampuni iliyotengeneza programu yako imenunuliwa na sisi. Katika kukuhudumia vyema zaidi, toleo la bure kwa wanaojifunzia nyumbani limefutwa. Leseni za kununua mara moja zimefutwa. Utalipa kila mwaka, na usipolipa, mashine zinazowaka zitaendelea kuwaka. Zikizimwa, hazitawashwa tena.*

*Asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu.*

4.

"Familia gani?" mama akauliza.

"Ndivyo wanavyoandika, Mama."

"Na wanataka nini?"

"Wanahesabu viini vya mashine, zile akili zake za ndani. Sisi tuna vichache, wao hawauzi vichache. Ni kama mgeni mmoja wa Mzee Mwasomola aambiwe alipie gesti nzima."

"Na kama anataka kulala tu?"

"Alipe, kisha alale vyumba vyote."

Mama akamenya ndizi mbili kabla ya kusema tena.

"Sasa ikizimika, na ujumbe wa Amba?"

"Pazia lake likizimwa linauliza neno la siri. Hata tukilipa."

"Basi isizimike," akasema mama, na huo ndio ukawa msimamo wa serikali.

5.

Duka la dawa, foleni ikisikiliza:

"Mdogo wangu, nimepata bei yao. Kwa hela hiyo naajiri mtu aimbe majina ya dawa mlangoni."

"Dada Tumpe, ipo programu nyingine, ya bure. Watu wameitengeneza kwa kujitolea. Taarifa zako nimeshazinakili kwenye laptop. Nahitaji tu kuizima seva nusu siku, nihamishe."

"Sasa unangoja nini? Kila umeme ukikatika natetemeka kuliko wagonjwa."

Bupe akatazama dawa za kikohozi.

"Nangoja kaka ajibu. Nimemwandikia anipe neno la siri, hajasoma."

Foleni nzima ikaguna. Tukuyu hakuna anayeuliza ni kaka yupi.

6.

Vilivyojaribu kuizima seva vikashindwa:

mvua;

umeme (ulikatika, betri ya lori ikashika zamu);

panya, marehemu;

mjomba mwenye pasi;

Bupe mwenyewe, Jumatatu moja, kidole juu ya kitufe, akiwaza maskini Tumpe, na maskini Mzee Mwasomola, na kwamba ni sekunde moja tu, na kwamba mama yuko sokoni na

hapana.

7.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwa na seva.

Alhamisi asubuhi jumuiya ilisali nyumbani kwa Mama Amba. Makochi yalivikwa vitambaa vya kufuma. Redio ilivikwa. Jagi la maji lilivikwa kofia yake. Na mama, ambaye hajawahi kumwonyesha mgeni chuma kikiwa uchi, alichukua kitambaa kikubwa cheupe alichokifuma wakati akimsubiri Amba azaliwe, akakikunja mara mbili, akalifunika boksi jeusi mbele na nyuma. Juu akaweka maua ya plastiki.

Hakuizima. Hakuichomoa. Hakuisogeza wala hakuiegemea. Tangazo alilitii neno kwa neno.

Bupe alikuwa jikoni akigawa chai. Wimbo wa kwanza ukapita, feni za seva zikiitikia sauti ya nne, ile nzito. Wimbo wa pili, feni zikapanda sauti ya kwanza. Kina mama wakadhani ni Roho.

Katikati ya sala ya kuwaombea walio safarini,

kimya.

8.

TAARIFA YA AJALI

Mhusika: seva moja. Chanzo: joto. Kilichosababisha joto: heshima. Majeruhi:

Bupe hakuimaliza. Mhuri wa kiazi ulikuwa umeshaoza upande mmoja.

Wageni walipoondoka alikikuta kitambaa kikiwa na joto kama nguo iliyotoka mwilini mwa mtu. Akabonyeza kitufe. Seva ikawaka, ikasoma leseni, ikaandika kwa ustaarabu mkubwa kwamba haina ruhusa.

"Ni mimi?" akauliza mama.

"Ni leseni, Mama."

"Nimekuuliza kama ni mimi."

"Ni wewe kidogo."

9.

Kufika jioni, pazia la Tumpe lilikuwa limesimama kwenye programu ya bure. La gesti nalo, na siri zake. La Amba lilihama pia, ila likauliza neno la siri. Bupe alijaribu jina la mama, la mbwa, la timu. Akajaribu jina lake mwenyewe, akaona aibu, akafuta.

Taarifa ya habari ikaisha.

Mama alikuwa ameshika simu kifudifudi mapajani.

Hapa, msomaji, ujue jambo moja. Shuleni Bupe aliwahi kubandika barua ya mkuu wa shule iliyofuta maharage kwa wiki nzima, na mpishi mwenyewe akaitii. Kughushi sauti ya mtu ni kipaji chake. Akafungua laptop.

*Mashine zote salama. Mlale*

*Mashine zote salama, mama, nimewakumbuka sana, nitakuja Desemba na*

*Mashine zote*

"Unaandika nini?"

"Kazi za ofisi."

"Ofisi imefungwa. Nipishe nisome." Akasoma kwa midomo. "Huyu si Amba. Amba hana maneno mengi hivi."

"Mama, unajua ule ujumbe ulikuwa unatumwa na mashine?"

"Bupe, mimi nilimzaa yule. Tangu lini Amba akamwambia mtu alale? Yeye ndiye alikuwa halali. Nilijua. Ila aliyeifundisha mashine ni yeye, nikaona inatosha." Akakipapasa kitambaa. "Nikishausoma, nalala. Nikilala, simpigii. Na yeye huko anasema, mama ameshapata salamu. Tumeachia chuma kitusemee."

"Nitalifungua, Mama. Nipe wiki."

"Liache. Niwekee namba yake."

"Saa hizi atakuwa kazini."

"Niwekee. Huwa inaanza na nini, jumlisha?"

Bupe akaiweka jumlisha, akaweka namba, akampa simu. Mama akajifunga kitenge upya, kama mtu aliyesikia hodi, akaweka simu sikioni, upande wa sikio linalosikia vizuri.

Inaita.

Inaita.

Inai