Kipepeo Mwenye Tumbo Jeusi

Mimi Mwenda nimefundisha baiolojia hapa Kaaga miaka kumi na tisa, na kwa mambo ya wadudu sipendi kufundishwa na mtu. Nasema hivi mapema ili ukisikia nilivyoumbuka, ucheke vizuri.

Shule yetu ilirithi sanduku la vipepeo kutoka kwa mmisionari mzee aliyewahi kufundisha India kabla ya kuja Meru. Walikuwa kumi na wawili, wamekaushwa na kuchomwa pini, weusi wenye madoa meupe na mekundu, na mabawa yao ya nyuma yana mikia kama ya mbayuwayu. Vibandiko vyote vya majina vilikuwa vimeliwa na mende. Hezekiah, mtaalamu wa wadudu kutoka makumbusho ya Nairobi, alitueleza wazi kwamba tukiwaainisha sawasawa, sanduku litabaki shuleni, na tukishindwa atalibeba kwenda nalo huko. Wanafunzi wangu hawakuwa wamewahi kuona kitu kama kile. Mimi nililitaka sanduku lile kuliko nilivyowahi kutaka kupandishwa cheo.

Nikalileta nyumbani, nikajifungia nalo na vitabu vyangu kwa siku mbili. Jibu likapatikana: jenasi Pachliopta. Viwavi wao hula mmea wenye sumu, na sumu hiyo hukaa mwilini mwao hata baada ya kuota mabawa, hivi kwamba ndege akimwonja mmoja hataki wa pili. Hata wataalamu wamevutana sana juu yao. Kuna waliowaweka katika jenasi Atrophaneura, kisha wengine wakawatengea yao. Nikaandika kibandiko kwa wino: Pachliopta, kumi na wawili, ameainisha Mwenda. Ndivyo kazi hii ilivyo, jina la aliyewatambua wadudu hukaa nao miaka na miaka, hata mwenyewe akishazikwa.

Siku hizo mama mkwe wangu, Ciakuthii, alikuwa ametutembelea kutoka Muthara, ambako amechambua miraa tangu ujana wake. Mimi naye tunaheshimiana kwa mbali, kama inavyopaswa. Akiwa na neno kwangu humwambia mke wangu Kendi, akinitaja kama Baba Mukiri kwa jina la mwanetu, hata kama nimekaa palepale nasikia. Jumamosi asubuhi alipita na kikombe cha chai, akasimama, akatazama sanduku kwa muda wa kupuliza chai mara mbili.

"Kendi," akasema, "uliza Baba Mukiri huyu wa pembeni aliingia hapa aje. Huyu si wa hawa wengine."

Nilitabasamu kwa adabu, nikamwambia Kendi amweleze mama kuwa nimelinganisha kila doa la kila bawa. Ciakuthii akamjibu Kendi kwamba shida ndiyo hiyo. Kwenye miraa, akasema, anayetazama majani huuziwa takataka. Yeye hutazama kijiti na wekundu wake, ndipo aamue kinaingia fungu gani. Basi hata hawa wadudu amewatazama vijiti. Kumi na mmoja wana tumbo jekundu, mmoja ana jeusi.

Nilichukua lenzi nikiwa nimeudhika, nikainama. Tumbo lilikuwa jeusi tititi. Nikafungua kurasa nilizoziruka, na huyo hapo: jike wa Papilio polytes, asiye na sumu hata chembe, aliyejivalia mabawa ya wenye sumu ili ndege wamwogope. Hata jenasi si yao! Nilijiona mjinga kabisa, kisha nikacheka mpaka Kendi akauliza kama niko sawa.

Nikamtenga yule mlaghai na kuandika vibandiko vipya. Jina la mwainishaji nikaliacha langu. Nilijiambia kwamba, baada ya yote, aliyefungua kitabu ni mimi.

Hezekiah alifika nyumbani saa sita mchana siku hiyohiyo. Alikagua polepole, akafika kwa yule jike, akasema ameona hata wasomi wakinaswa naye, kwa hiyo mwalimu aliyemtambua ana jicho. Sanduku libaki. Akaninyoshea mkono. Ciakuthii alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha akitoa mbaazi kwenye maganda, na hakuinua kichwa wala kukohoa. Hapo ndipo nilipoona haya ya kweli, masikio yakawa moto.

"Si mimi," nikasema. "Ni mama hapa. Mimi nilikuwa natazama mabawa."

Hezekiah akauacha mkono wangu hewani, akaenda kuushika wa Ciakuthii uliojaa maganda, akamwuliza alisomea wapi. Alisomea soko la Muthara, Ciakuthii akamjibu, na bado hajamaliza. Mimi nikachana vile vibandiko, nikaketi kuandika vingine: ameainisha Ciakuthii. Alikuja akasimama begani pangu, karibu kuliko alivyowahi kusimama, akasoma jina lake herufi moja moja huku akilifuata kwa kidole.

"Ongeza Muthara," akaniambia. "Kuna Ciakuthii mwingine huko Tharaka, ataringa bure."