Mji wa Hajambo

Usingizi uliomchukua Mwajabu siku ile ulikuwa ule wa baada ya alasiri, ambao mama yake alimkataza tangu udogo, kwamba huleta ndoto mbaya. Lakini angefanyaje? Tangu asubuhi alikuwa amebeba jambo lililomshinda. Daktari alikuwa amemwita pembeni yeye na kaka yake Mbwana, akawaambia kwamba saratani ya ini imeshamwenea mama yao, dawa iliyobaki ni ya kutuliza maumivu tu, wamrudishe nyumbani. Mbwana, ambaye amekuwa msemaji wa ukoo kwa sababu tu ana sauti nzito, akakata shauri palepale. "Mama asiambiwe. Ukimwambia, umemuua kabla ya siku yake. Sema ni vidonda vya tumbo." Basi ikawa vidonda vya tumbo. Walipofika nyumbani Mwajabu alimwogesha mama yake, Bi Ruzuna, kwa maji ya uvuguvugu, maana bibi huyo baridi haiwezi hata miezi ya joto. Na alipokuwa akimfuta mgongo uliobaki mifupa, Bi Ruzuna akamshika mkono. "Kaa, mwanangu. Nina neno nataka kukwambia." Mwajabu akacheka kicheko cha kulazimisha. "Utaniambia ukishapata nguvu, mama. Mbona unaendelea vizuri." Akachukua beseni akatoka nalo uani, akajitupa juu ya mkeka, akalia mpaka akapitiwa.

Akajiona mbele ya mji wenye kuta nyeupe, zimepakwa chokaa hata ufa hauonekani. Langoni alisimama mwanamke wa heshima zake, ananukia udi, mkononi ana fungu la funguo. Mwajabu akamwamkia shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba. Hujambo?" Mwiba ulikuwa umemchoma Mwajabu njiani na kisigino kilimvuja damu, akataka kumwonyesha, lakini mdomo ukasema wenyewe, "Sijambo." Yule mwanamke akatabasamu, akafungua lango. "Umeshaijua sheria yetu," akasema. "Huu ni mji wa Hajambo, na mimi ndiye Staha. Hapa kila mtu huulizwa hali yake, na jibu ni moja. Ukiwa na jibu jingine, lirudishe moyoni, usiwasumbue wenzio." Alilisema kwa upole kiasi kwamba Mwajabu aliona haya kwa kuwa na kisigino.

Wakapita mitaani, Staha mbele, funguo zikilia kila apigapo hatua. Uwanjani kijana mmoja aliyekonda alikuwa akichezeshwa ngoma. Magoti yalimwisha nguvu, na kila alipotaka kuanguka watu walimwinua kwa makwapa na kumrudisha katikati huku wakipiga makofi. Huyo alikuwa Tumaini. Mwajabu akauliza kwa nini wasimwache akae kidogo, na Staha akamjibu kwamba akikaa, wageni watasema nini. Mbele kidogo walimkuta mwanamke akikandika kwa udongo madirisha ya nyumba za wagonjwa, ili wasione jua likishuka, na kila dirisha alilipangusa na kulibembeleza kama anayelaza mtoto. "Huyu ni Huruma," Mwajabu akasema, maana alizitambua nguo zake. Lakini kanga ilipomponyoka kichwani, uso uliojitokeza ulikuwa wa Hofu, macho yamemtoka. Staha hakushtuka. "Huazima nguo za mwenzake," akasema. "Na sisi hatuulizi, mradi kazi inafanyika."

Mwisho wa mtaa palikuwa na nyumba isiyo na mlango, na nje yake mwanamke ameketi juu ya furushi lake, mgeni aliyepiga hodi mpaka akachoka. Staha alipomwona akageuza njia kwa haraka, akatokomea na funguo zake. "Mimi ni Ukweli," mgeni akasema. "Wanasema nikiingia nitaua. Kifo kimeshaingia, binti yangu, kimepata na pa kukaa. Mimi nilitaka tu wagonjwa wasikae nacho peke yao." Mwajabu akamwuliza kama anaweza kumponya mtu. "Siwezi," akasema Ukweli. "Usinifungulie kwa kutegemea hilo, utanichukia bure."

Hapo Mwajabu akasikia kikohozi cha mama yake ndani. Akalikimbilia dirisha la mwisho, ambalo lilikuwa limekandikwa lote isipokuwa tundu dogo, akachungulia. Bi Ruzuna alikuwa amesimama upande wa pili, amejaa udongo mpaka viwikoni, na kwa vile vidole vyembamba alikuwa akiliziba tundu kwa ndani. "Mama, nani kakupa kazi hii?" Bi Ruzuna akapumzika kidogo kwa kuhema. "Nyinyi ndio mlioanza, mwanangu. Nikaona niwasaidie, msichoke." Mwajabu akaanza kuubomoa udongo, ukaganda chini ya kucha zake. Akamwita Tumaini, akamwita Staha aje na funguo. Hakuja mtu. Tundu likapungua mpaka likabaki la kidole kimoja.

Aliamka mkeka umemwachia alama shavuni, jua limekwisha shuka nyuma ya paa la jirani. Hakunawa uso. Njiani kuelekea chumbani, maana ya ile ndoto ilimwingia yote kwa pamoja: kila "sijambo" ya mama yake ilikuwa tope lililokandikwa kwa ajili yao, na yule mgonjwa, kwa nguvu kidogo alizobakiwa nazo, ndiye aliyekuwa akiwauguza wao. Alimkuta ameelekea ukutani. Akaketi kitandani, akamshika mkono chini ya kanga.

"Mama. Lile neno. Niambie."

Bi Ruzuna akageuka, akamtazama sana. "Daktari kawaambia."

"Katuambia."

"Mimi nilijua kabla ya hospitali. Nilikuwa nangoja mpate nguvu nyinyi." Akafumba macho mpaka maumivu yalipopita. "Siku yangu ikifika, nataka unioshe wewe. Wanawake watakuja, watakwambia kaa pembeni, unalia. Lia, lakini unioshe. Na maji uyapashe moto. Watakwambia haina haja tena. Wewe unajua baridi siiwezi."

Mwajabu akamvutia kanga mpaka mabegani.

Mlangoni shangazi yake Hidaya akapiga hodi, na harufu ya supu ikaingia kabla yake. "Mgonjwa wetu hajambo?"

"Mjibu," Bi Ruzuna akanong'ona.

"Hajambo, shangazi. Karibu," Mwajabu akasema, machozi yakimdondoka.

Chini ya kanga mama yake akamfinya mkono.

"Usisahau maji."

"Sitasahau, mama."