Mwezi wa Ukutani

Fundi huyu wa rangi walimwita Brashi Moja, kwa sababu mstari wake ukishapita haurudiwi. Vibao vya maduka, jino kubwa mlangoni kwa daktari wa meno, yote ilikuwa kazi ya mkono wake. Shule aliiachia darasa la tano, baba yake alipoanguka kutoka kwenye ngazi na brashi ikakosa mtu wa kuishika. Kwa hiyo siku aliporudi pale shuleni na makopo yake, kuchora ukuta mrefu wa uani, alijikuta amesimama mbele ya mtu yule yule aliyemfundisha sayansi. Sasa alikuwa mwalimu mkuu, na nywele zake zilikuwa nyeupe pepepe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Ukuta ndio huo, na picha ndiyo hii. Nakili tu."

Picha ilikatwa kwenye kitabu kikuukuu. Palikuwa na jua, dunia, na miezi minane, kuanzia mwembamba kama ukucha hadi mpevu, na kivuli kilichotoka duniani kikiifunika kila mmoja kwa kiasi chake. Chini yake paliandikwa: Mwezi hubadilika umbo kwa sababu ya kivuli cha dunia.

Brashi Moja aliitazama mpaka mwalimu mkuu akaanza kukohoa. Miaka ishirini alikuwa akichora vitu vya mviringo: mipira, mitungi, mashavu ya watu. Upande unaotazama mwanga hung'aa, ule mwingine huwa na giza. Hahitajiki mtu wa kukinga mwanga ili mtungi uwe na mgongo mweusi.

"Mwalimu, hii siwezi kuichora. Si kweli."

"Uliishia darasa la ngapi vile?"

Swali lilimchoma. Mwalimu wa sayansi wa sasa, dada mmoja kijana aliyekuwa akipita na madaftari, alisimama, akainamisha macho. Brashi Moja akajua kwamba huyu naye anajua, ila amefyata ulimi.

"La tano, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenisainia karatasi ya kuacha shule."

"Basi chora, au funga ngazi yako uende."

Hakufunga ngazi. Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi, jua limepanda upande wa mashariki, na juu ya paa la maktaba, upande wa magharibi, mwezi ulikuwa bado angani, nusu, mweupe kama chaki. Akachota puti ya kuzibia nyufa, akaifinyanga tonge la ukubwa wa yai, akaliduarisha kwa viganja. Alilichomeka kwenye mpini wa brashi, akaliinua juani, sambamba na mwezi.

"Sogea hapa, Mwalimu. Funga jicho moja."

Alisogea shingo upande. Tonge lilikuwa limeangazwa nusu, ile ile nusu, limeinamia jua kama mwezi ulivyoinama. Vilikuwa kama mtu na pacha wake.

"Jua lile kule, mwezi ule pale, na sisi tuko hapa na kivuli chetu miguuni," alisema Brashi Moja. "Kimeufikiaje?"

Akamkabidhi mwalimu mkuu mpini.

"Sasa lizungushe mwenyewe. Kichwa chako ndiyo dunia. Lipeleke upande wa jua, lakini jua lenyewe usilitazame."

Alilipeleka. Tonge likamgeuzia mgongo mweusi. Akalizungusha polepole kumwelekea yule dada, na ukingo wa nuru ukachomoza, ukanenepa, ukawa nusu. Alipolipa jua kisogo na kulishika tonge mbele yake, juu kidogo ya kivuli cha kichwa chake, likawa jeupe zima. Nusu yake iliangazwa muda wote. Kilichobadilika ni pale lilipokuwa, na kiasi cha ile nusu alichoweza kukiona. Kisha mkono ukamchoka, ukashuka kidogo, kivuli cha kichwa chake kikalimeza tonge.

"Huko ndiko kupatwa kwa mwezi," alisema mwalimu wa sayansi, kwa sauti ndogo. "Hutokea mara chache tu. Hayo mabadiliko ya umbo huonekana kila mwezi."

Mwalimu mkuu akamgeukia. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mwalimu."

Mwalimu mkuu alilitazama tonge. "Nimefundisha hivi miaka thelathini."

"Najua," alisema Brashi Moja. "Nilikuwa nimekaa pale dirishani. Kitabu sikukichora mimi, Mwalimu. Ukuta huu ndio nitauchora mimi, na jina langu litakuwa chini yake. Ukitaka ule uongo, tafuta mkono mwingine."

Mwalimu mkuu alikunja ile picha, akaitia mfukoni, akaingia ofisini. Hakusema chora, hakusema acha. Brashi Moja akapanda ngazi.

Siku tatu alichora. Miezi yake minane ilikuwa imevimba hasa, kila mmoja na nusu yake inayotazama jua, na kichwa cha mtoto katikati, akiitazama. Chini akaandika kwa herufi zinazosomeka kutoka getini: SI KIVULI CHA DUNIA. NI NUSU YENYE NURU, TUNAVYOIONA TUKIWA HAPA.

Alipokuwa akisafisha brashi, mwalimu mkuu alitoka, akausoma ukuta wote, mikono nyuma.

"Hilo 'SI' umelifanya kubwa mno. Lipunguze kidogo."

"Rangi imeshakauka, Mwalimu."

Rangi ilikuwa mbichi. Wote wawili waliiona ikimetameta.