Kitwitwi wa Sauti ya Mkwaruzo

Kila kitwitwi alipolia juu ya mawingu, penseli ya Nshobole ilichora mstari daftarini. Usiku ule wa Novemba mistari ilishafika mia nne na kumi. Mawingu yalikuwa yametanda chini, mekundu kwa moto wa mlima Nyiragongo, na ndege wasafiri kutoka kaskazini walipiga kelele humo kama wachuuzi wa soko.

Nshobole alikuwa na sikio, na alijua kwamba analo. Miaka sita alikuwa akihesabu ndege wa usiku kwa milio yao tu, kwenye kibaraza alichokijenga juu ya lava iliyomeza nyumba yake ya kwanza, na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Sasa waasi walikuwa Kibumba, si mbali na hapo, na Adalbert, mkuu wake kule Himbi, alitaka kukifunga kituo hiki cha kuhesabia ndege. "Nipe hesabu moja nzito, nitakutetea," alimwambia. Hesabu ndiyo hii. Mwamba ngoma huvutia kwake, naye Nshobole aliivuta kwa mikono miwili.

Kando yake aliketi Mukashyaka, mama aliyekimbia vita Kalengera, naye Nshobole akampa chumba. Mama huyo hakujua jina la ndege hata mmoja.

"Ule mwenye sauti ya kukwaruza," Mukashyaka alisema, "amerudia mara ya tano."

"Wenye sauti hiyo ni bengi, mama."

"Hapana. Ni ule ule. Kule kambini Mugunga walituhesabu mara tatu. Tunakimbia, wanatuhesabu. Tunarudi, wanatuhesabu tena. Kwa makaratasi tulikuwa batu bengi, kumbe ni bale bale, tunazunguka tu."

Nshobole alitazama saa. Baada ya dakika nne mkwaruzo ulipita ukitokea ziwani. Baada ya dakika nne nyingine, tena. Aliona aibu, kwa sababu mkwaruzo ule aliusikia tangu mwanzo, akajitia hamnazo. Mwanga wa mlima ulikuwa umewapoteza njia ndege wale.

Akasikiliza upya, sauti moja moja. Kisha akaikata mistari yote. Adalbert akitaka kufunga, na afunge. Sikio la Nshobole halikuongopa. Akaandika: *Kitwitwi tisa. Wanazunguka.*

"Na ninyi," aliuliza, "mulitoka Kalengera wangapi?"

"Saba."

Chumba alichompa kilikuwa na kitanda kimoja, na kilimtosha yeye peke yake.

Mkwaruzo ukapita tena juu yao. Wote wawili waliinua vichwa, na penseli ikabaki ilipokuwa.