Hewani Hakuna Herufi Kubwa

Wanu alikuwa na dakika kumi za kuuokoa mwaka wake, na sharti lilikuwa jepesi kwa kila mtu isipokuwa yeye: asome kilichoandikwa, asiongeze neno.

Mtihani wa kwanza wa utangazaji aliuangusha kwa ulimi wake mwenyewe. Alisoma utabiri wa hali ya hewa vizuri kabisa, mvua kubwa kaskazini ya Unguja, kisha mdomo ukamponyoka: "Kwa hiyo ndugu zetu wa Tumbatu, anueni nguo!" Darasa zima lilicheka. Bi Riyama, mhadhiri wao wa redio, hakucheka.

"Wewe Wanu hukuja kusomea uandishi wa habari," alimwambia. "Umekuja kutafuta baraza yenye umeme. Haya, nakupa mara ya pili. Ukijiongezea neno, hata moja, mwakani utalirudia somo na wadogo zako."

Basi leo, saa saba mchana, ndani ya studio ya redio ya chuo huko Tunguu, ulimi ule ule ulikuwa umekauka kama mwani wa juzi. Redio yenyewe ndogo, lakini mawimbi yake yanafika mpaka pwani ya mashariki. Nyuma ya kioo alikaa Munir, mwanafunzi mwenziwe, akishughulika na mitambo. Bi Riyama hakuwamo. Yeye alijifungia ofisini mwake, ng'ambo ya uwanja, redio mezani na nakala ya taarifa mkononi, maana husema mtangazaji husahihishwa kwa sikio.

Habari tatu zikapita salama. Ya nne ilikuwa tangazo la kifo, lililoletwa asubuhi na jamaa wa marehemu: "Usi Ahmada, maarufu Usi mkubwa, wa Kiwengwa." Kwao akina Usi walikuwa wawili, mkubwa na mdogo. Wanu, aliyefundishwa kila siku kukata maneno ya ziada, alipoiandika taarifa akakata, likabaki "Usi mkubwa wa Kiwengwa". Bi Riyama akaipitia taarifa nzima, akatia saini.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Usi mkubwa wa Kiwengwa," Wanu alisoma, "kilichotokea leo asubuhi. Maziko ni leo saa kumi alasiri, huko huko Kiwengwa. Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo."

Munir akafungulia ripoti ya wakulima wa mwani iliyokwisha kurekodiwa, dakika tatu. Taa nyekundu ikazimika. Wanu akashusha pumzi. Zilibaki habari za michezo tu.

Simu ya studio ikalia. Munir aliipokea, akakunja uso, kisha akamuunganisha Wanu.

"Hapo redioni?" Ilikuwa sauti ya mwanamme, mdomo umejaa.

"Naam."

"Mimi Usi Mkubwa wa Kiwengwa. Nnasikia nshakufa."

Wanu nusura acheke. "Hapana, aliyefariki ni Usi mkubwa, yaani yule..."

"Si ndiyo mimi huyo! Mimi Usi, babangu jina lake Mkubwa. Nipo hapa Kiembe Samaki nnakula urojo wa pilipili, watu wananitazama kama jini." Sauti ikaacha masihara. "Sikiliza, mwanangu. Mamangu, Bi Amne, yuko peke yake nyumbani, na ana presha. Simu hana, ana hiyo redio yenu tu, haizimi hata akilala. Jirani nnampigia hapokei. Mpaka nifike mimi ni saa nzima. Mliloliharibu litengenezeni!"

Simu ikakatika.

Wanu aliitazama karatasi. Ile m ndogo ilikaa pale imetulia, kama haijui lolote. Karatasini Usi mkubwa na Usi Mkubwa ni watu wawili. Hewani hakuna herufi kubwa.

"Mpigie Bi Riyama!"

"Kazima," alisema Munir, simu sikioni. "Si unamjua akisahihisha."

"Nimkimbilie?"

"Dakika moja imebaki. Hutarudi." Munir akakisogelea kipaza sauti cha upande wake wa kioo. "Wanu, nisikilize. Umesoma kilichoandikwa, na saini ni ya kwake. Hapo huna kosa hata la dawa. Soma michezo utoke, tutasahihisha kwenye taarifa ya saa kumi."

"Saa kumi ndiyo wanazika."

"Wanazika mwengine!"

"Na Bi Amne je?"

Munir akaitazama saa. Akainua vidole vinne, sekunde arubaini. "Ukiongeza neno, mwakani utakaa darasani na mdogo wangu," alisema. "Mimi nitakuja kukupungia dirishani."

Taa nyekundu ikawaka.

"Tunasahihisha tangazo la kifo mlilolisikia punde," alianza Wanu. "Aliyefariki ni Usi Ahmada, maarufu Usi mkubwa. Usi mwana wa Mkubwa, wa Kiwengwa, yu hai."

Angeweza kuishia hapo. Lakini mama aliyekwisha kupokea msiba wa mwanawe, utamtuliza kwa maneno mawili makavu?

"Bi Amne, mwanao yuko Kiembe Samaki. Anakula urojo."

Munir akajishika kichwa. Wanu akasoma michezo hadi mwisho, mabao yote, bila ya kujua nani kamfunga nani.

Taa ilipozimika, Bi Riyama alikuwa keshasimama mlangoni, kalamu mkononi. Wanu akamweleza yote mbio mbio.

"Tangazo lenyewe liko wapi? Lile la asubuhi."

Wanu akampa. Bi Riyama akalisoma polepole.

"Usi Ahmada alikuwemo. Ulimkata, ukamrudisha. Huko si kujiongezea. Nitakukata alama kwa kumkata, na mimi niliyetia saini nijikate mwenyewe. Mimi nilikuwa na karatasi, nikaiona m ndogo, nikatulia. Bi Amne hana karatasi." Akainua macho. "Lakini urojo, Wanu. Urojo ulikuwemo wapi?"

"Kiembe Samaki," alinong'ona Munir.

"Munir!"

"Naam."

"Nyamaza."

Simu ikalia. Munir akaipokea kwa sauti ya wazi, wote wasikie.

"Jirani kapokea!" Usi Mkubwa alikuwa akihema. "Kamkuta mama kakaa chini, kanga kichwani, analia. Mliposema ni mzima hakuamini, kadhani mnambembeleza. Aliposikia urojo kasimama wima! Daktari kanikataza pilipili, na mama ndiye mlinzi. Sasa ananitukana mtaa mzima unasikia. Nnaogopa kurudi nyumbani."

Wanu akauma midomo. Bi Riyama akaandika pembeni ya lile tangazo.

"Urojo, nakukata alama tano."

"Tano tu, Bi Riyama? Kwa hiyo nimepita?"

"Umepita, usinikumbushe nguo za Tumbatu." Akageuka kuondoka, akasita. "Na saa kumi uwe Kiwengwa, msibani kwa Usi Ahmada. Wale nao wanasikiliza redio, na maiti wao ndiye uliyemkata jina."