Zamu ya Somo la Sita

Saa moja na nusu asubuhi, watoto wakigombania viti, simu ya Kiranja ilitetemeka mezani na lile jina likatokea tena: Mama Pacha anaomba kujiunga na kundi. Picha ilikuwa ileile, kacheka mpaka pengo linaonekana, kitambaa cha kijani kichwani. Hiyo ilikuwa siku ya tano mfululizo. Na Mama Pacha alikuwa kaburini wiki ya saba.

Kiranja hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Alikuwa mwalimu msaidizi wa chekechea, mwanamke wa chaki na ratiba, akisomea cheti chake kwa mtandao pamoja na wenzake thelathini na mmoja ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Chuo kilituma masomo, basi. Kuelewa ni shauri lako. Ndiyo maana wakaanzisha kundi kwenye simu. Kila asubuhi saa moja na nusu kila mmoja anaandika "nipo", na kila somo lina mtu wa zamu: analisoma mapema, anajirekodi, anawaeleza wenzake kwa maneno ya kawaida. Wengine walipokezana, lakini masomo magumu yote waliyasukumia kwa Mama Pacha. Alikuwa na sauti nzito na kikohozi kidogo kila mwisho wa sentensi, na akifika mahali pagumu anacheka kwanza. Alieleza mpaka mtu aliyeanza kukata tamaa akarudi kushika kalamu.

Kundi lilikuwa na sheria moja. Ukikaa siku tatu bila "nipo", unatolewa. Wote waliipigia kura, lakini aliyeitunga ni Kiranja, na aliyeitekeleza ni Kiranja, tena kwa raha zake. "Asiyekuwepo na lake halipo," anaandika, kisha anabonyeza. Jina lenyewe la Kiranja walimpa kwa sababu hiyo.

Mama Pacha alinyamaza siku tatu, na zamu ya somo la sita ikiwa yake. Siku ya nne Kiranja akamtoa bila hata kumpigia. "Ama kweli sheria ni msumeno," aliandika mmoja, na wengine wakaweka picha za kucheka. Somo la sita likakosa wa kulieleza, nusu ya kundi wakafeli jaribio lake, na lawama zote zikamwendea Mama Pacha.

Jioni ya siku aliyomtoa, ujumbe wa sauti wa Mama Pacha uliingia kwa Kiranja peke yake, wa dakika nne na ushee. Akajua ni malalamiko. Akasema moyoni, nitamsikiliza akishapoa. Hakumsikiliza. Baada ya siku kumi na mbili taarifa ikaja: mwenzetu alikuwa amelazwa, ametutoka. Wakaandika pole, wakaweka mishumaa, wakaendelea na somo la nane.

Tangu hapo ile nukta ya buluu, ya sauti isiyofunguliwa, ilimkodolea macho kila akishika simu. Akawa anaifunika kwa kidole gumba. Akawa akiita majina darasani anasikia kikohozi nyuma ya kabati la vitabu, akigeuka hakuna kitu. Mtu mzima, na anaogopa kabati!

Siku hiyo ya tano ilimshinda. Alimwachia mwenzake watoto, akaingia stoo, akaipiga ile namba.

"Haloo?" ilisema sauti nzito, ileile, na kikohozi kidogo mwishoni.

Kiranja akakaa juu ya rundo la mikeka. "Wewe ni nani?"

"Mdogo wake Mama Pacha. Samahani dada, wewe ndiye wa lile kundi? Mbona hamnifungulii?"

"Nilidhani..." Angesemaje, kwamba ni mzimu?

"Simu ya dada ilianguka ikafa, nikahamishia laini kwenye yangu. Kila kitu kimepotea. Sasa pacha wana miaka minne, wanaanza kumsahau. Juzi mmoja kaniuliza, eti mama alikuwa anaongeaje? Nikakuta kiungo cha kundi lenu kwenye daftari lake, pembeni ameandika saa moja na nusu, nipo. Nikawa nabisha saa hiyohiyo. Nikasema sauti zake hawa hawawezi kukosa."

Kiranja alimfungulia papo hapo, akawaeleza wenzake. Mpaka mchana sauti zilimiminika. Fundi cherehani aliyesoma huku akishona alileta nne. Yule wa msumeno alileta tisa. Somo la kwanza, la tatu, mpaka la tano, na mle ndani Mama Pacha anacheka.

Kisha mdogo mtu akaandika: "Mungu awabariki. Na la sita? Alilirekodi kitandani, mimi ndiye niliyemwekea simu, nikatoka. Nani analo?"

Watoto walishaondoka. Kiranja aliketi kwenye kiti kidogo, magoti yakikaribia kidevu, akabonyeza ile nukta.

"Kiranja wangu," kikohozi, "mtandao wa huku hospitali ni mbovu, kundi linanikataa, sijui kwa nini. Nimechelewesha zamu, mniwie radhi. Wapelekee wenzangu wasije wakafeli kwa ajili yangu. Haya. Somo la sita, daftari la mahudhurio." Akacheka, akavuta pumzi kwa shida. "Mtoto asipoitika siku tatu, msikimbilie kumkata jina. Kimya si jibu. Mfuate nyumbani, uliza. Huenda anaumwa."

Kiranja alilia mpaka dakika zote nne zikaisha. Kisha akaituma kundini, nzima.

"Anasema kundi linamkataa," akaandika mdogo mtu. "Ilikuwaje?"

Thelathini walijua, na thelathini wakanyamaza. Kiranja angeweza kusema ni mtandao. Marehemu mwenyewe alishamtetea.

"Hapakuwa na mtandao mbovu," aliandika Kiranja. "Nilimtoa mimi. Sikumuuliza."

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja. Kesho yake saa moja na nusu wote waliandika "nipo", isipokuwa namba ya Mama Pacha. Keshokutwa vilevile.

Siku ya tatu Kiranja aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la asubuhi, akaenda kuuliza.