Slaidi Kumi na Mbili

Saa mbili asubuhi Nyamburi alikuwa ameshaisogeza meza ya maabara dirishani na kuipangusa hadubini ya zamani aliyoikuta stoo jana yake. Ile ya umeme taa yake iliungua tangu Machi, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado inazungushwa maofisini. Hii ya zamani ilikuwa na kioo kidogo chini. Ukikielekeza kwenye mwanga wa jua, unaona. Sasa mawingu nayo yakaamua kuja Bunda siku hiyo hiyo.

Kitabu chake cha fildi, yale mafunzo ya vitendo ya chuo, kilitaka slaidi arobaini za damu, za kupima malaria, alizozisoma mwenyewe. Zisipotimia, hafanyi mtihani wa mwisho. Mwalimu wa chuo angefika kutoka Musoma saa nane kukagua.

"Unajitesea nini, binti?" alicheka Bonifasi, mkuu wa maabara. "Hapa tunapimaga na kile kipimo cha haraka. Jaza tu majibu, nitasaini. Hata sisi tulikuwaga tunajaza."

Mwandu, mwanafunzi mwenzake, alishajaza zote arobaini jana, huku anakula mihogo.

Nyamburi alitamani naye ajaze. Alitamani sana. Lakini mdogo wake alifia zahanati ya Bugwema baada ya mpimaji kuandika "hakuna wadudu", na mpaka leo hakujua kama yule mtu aliangalia kweli. Akasubiri jua. Likichungulia anasoma, likijificha anakaa.

Saa nane Mwalimu Stanislausi aliingia na muhuri wake.

"Mwandu, arobaini. Safi." Akagonga. "Nyamburi, kumi na mbili? Miezi mitatu ulikuwa unafanya nini?"

"Taa iliungua, mwalimu. Hizo nimezisoma kweli."

"Mwenzako alitumia taa gani?"

"Muulize, mwalimu."

Bonifasi akainamia droo, akawa anatafuta kitu kisichokuwepo. Mwalimu hakumuuliza mtu. Dereva alikuwa anapiga honi nje.

"Utarudia mwaka," alisema, akatoka.

Nyamburi alibaki amekaa mbele ya hadubini. Mawingu yalikuwa yameondoka yote, jua linachoma. Mwandu alikuja pole pole, macho chini.

"Pole, dada. Lakini hivi... hao wadudu wanafananaje? Nisije nikaulizwa."

Tusi lilimfika mdomoni. Kisha akakumbuka kwamba mwaka ujao huyu atakuwa anapima watoto wa watu. Akainuka, akampisha kiti.

"Kaa," alisema. "Fumba jicho moja."